Msasa, Rangi na Vanishi: Historia Iliyomo katika Maneno ya Maseremala wa Bukoba na Muleba

Mtu apitaye penye karakana za maseremala wa Bukoba na Muleba huona viti vikuukuu na makabati yaliyochakaa yakingoja kutiwa rangi. Kazi yenyewe yajulikana: mbao husuguliwa kwa msasa, nyufa huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha hupakwa rangi, na mwisho vanishi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba historia ya kazi hii imehifadhiwa katika maneno yake.

Tuanze na samani zenyewe. Kiti ni neno la Kibantu. Mzizi wake ni ule ule wa mti. Wahaya husema entebe, neno walilo nalo pamoja na Waganda, nalo ndilo lililoupa jina mji wa Entebbe, kaskazini mwa ziwa. Lakini meza ilitoka kwa Wareno, sanduku kwa Waarabu, na kabati kwa Waingereza. Chumba kimoja cha nyumba ya Kamachumu chaweza basi kukusanya safari za karne nyingi.

Rangi ni neno la asili ya Kiajemi. Sifa za rangi zenye mzizi wa Kibantu katika Kiswahili ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zilitafutwa kwingineko: kijani katika jani, kahawia katika kahawa. Wahaya waliitafuna kahawa, waiitayo akamwani, tangu kabla Emin Pasha hajajenga kituo chake Bukoba mwaka 1890. Baadaye ikawa zao la biashara, na fedha yake ikanunua samani. Fundi apakaye vanishi ya kahawia hulitaja zao hilo pasipo kukusudia.

Lakini neno lenye maana kuu ni msasa. Asili yake si karatasi, bali ni mti wa jamii ya mikuyu wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi yenye mchanga ilipofika madukani, Kiswahili hakikuazima jina. Kiliipa jina la jani. Huo ni ushahidi kwamba ufundi wa kulainisha mbao haukuanza na duka.

Miaka michache iliyopita nilipeleka kiti cha marehemu babu yangu kwa fundi kijana. Alikirudisha kikimetameta, lakini alama za tezo, zilizoonyesha mkono wa aliyekichonga, zilikuwa zimezama chini ya rangi nzito. Nilipomwuliza kwa nini karatasi yake huitwa msasa, alicheka, akasema ndilo jina lake tu. Sikumlaumu, hakuna aliyemwambia.

Wachunguzi wa lugha wana kazi hapa. Wazee wanaoujua mti huo, na majina ya kila chombo kwa Kihaya, wangalipo. Tuwaendee na daftari kabla kopo la rangi halijafunguliwa.