Koti la Kiingereza na daftari lililopotea Kolwezi

Kutoka Mashamba, Kolwezi.  Leo siwaletei bei ya kobalti wala habari za barabara. Nawaletea habari za koti.

Jumamosi iliyopita nilisimama kwa muuzaji mmoja wa mitumba. Nguo zake nyingi zilikuwa zimemwagwa chini juu ya turubai, kila mtu anachambua anavyotaka. Lakini koti moja la kijivu, la sufu nzito, alikuwa amelitundika peke yake kwenye msumari, na pembeni ameweka kipande cha kioo ili mteja ajitazame. Nilipouliza bei, hakunijibu kwanza. Alifungua koti akanionyesha kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani kwenye bitana, kimeandikwa Made in England. Ndipo akataja bei, nami nikarudisha mkono mfukoni.

Muuzaji huyo hajafika London, lakini alifanya kile kinachofanywa kwenye maduka makubwa ya kule. Alilitenga koti na mengine, akalipa nafasi na kioo, akaeleza asili yake kabla ya bei. Waingereza wameifanya kazi hiyo kuwa utaalamu. Kampuni ya Burberry ilianzishwa mwaka 1856 na kijana wa miaka 21, Thomas Burberry, katika mji mdogo wa Basingstoke. Ndiye aliyebuni kitambaa cha gabadini kinachozuia mvua, akakipatia hati ya ubunifu mwaka 1888. Maofisa wa jeshi la Uingereza walivaa makoti yake kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 2012 kampuni ilifungua duka lake kubwa kwenye Regent Street namba 121, ndani ya jengo la mwaka 1820. Walilikarabati jengo kwa mikono ya mafundi, kisha wakaweka vioo vilivyogeuka kuwa skrini mteja alipokaribia na nguo fulani, kwa sababu nguo yenyewe ilikuwa na kidude kidogo cha elektroniki ndani. Mteja akiingia, anauziwa koti pamoja na miaka yote hiyo.

Na hiyo miaka inalindwa kwa ukali. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba katika mwaka mmoja wa hesabu Burberry iliharibu bidhaa zake zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Nyingi zilichomwa moto. Waliona afadhali zichomwe kuliko ziuzwe kwa bei ya chini na kuvaliwa na kila mtu. Watu walipiga kelele, na Septemba ya mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuacha. Nilipomsimulia yule muuzaji wa mitumba alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama walichoma na vifungo pia.

Lakini mimi nataka kurudi nyuma, kwa sababu koti la Kiingereza halikufika kwetu kwa mitumba peke yake.

Wengi tunasema Ubelgiji ndio uliochimba shaba yetu, na ni kweli. Tunasahau kwamba Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na mguu mmoja Uingereza. Kampuni ya Tanganyika Concessions, ya Robert Williams kutoka Scotland, ilikuwa mmoja wa wenye mali. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910, ule mji tunaouita leo Lubumbashi, ilitoka kusini, kwenye makoloni ya Waingereza. Bidhaa zilipanda nayo, na mtindo wa kuvaa pia. Ni Williams huyohuyo aliyejenga reli ya Benguela kutoka Lobito, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931 na kupita hapa kwetu. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937, juu ya reli hiyo na juu ya shaba.

Mfanyakazi wa mgodi hakupewa kostimu. Alipewa posho ya unga, na kazini alivaa kapitula. Kostimu ilikuwa ya bwana, kisha ikawa ya karani na mwalimu, na hapo ndipo iligeuka mtihani. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa kwa Mkongo aliyehesabiwa kuwa ameendelea, na mwaka 1952 wakaongeza daraja la juu zaidi la uandikishaji. Ili kupata daraja hilo, tume ilikuja nyumbani kwako. Walitazama jinsi unavyokula, jinsi unavyoishi na mke wako, jinsi nyumba ilivyo. Mtu wa namna hiyo hakuwa na ruhusa ya kuonekana ovyo. Kravati ilikuwa kama cheti kinachoning'inia shingoni. Tazameni picha za Brussels za Januari 1960, za mkutano wa Meza ya Duara: Lumumba na kravati yake ya kipepeo, Tshombe na kostimu yake iliyonyooka. Walitofautiana karibu katika kila kitu, ila si kwa fundi.

Sasa niwaletee jirani yangu. Ni mzee aliyefanya kazi Gécamines hadi mashini zikasimama. Alifunga ndoa mwaka 1970, na kwa ajili ya siku hiyo alinunua kitambaa cha Kiingereza kwenye duka la Mgiriki mmoja mjini, akakipeleka kwa fundi katika komini ya Manika. Fundi alikuwa mtu wa Kasai. Alimpima mabega, kifua, kiuno na urefu wa mkono, akaandika yote kwenye daftari lenye jalada la bluu, ukurasa mmoja kwa kila mteja. Mzee anasema fundi alimwambia, "Ukinenepa, rudi, nitajua umenenepa wapi."

Miaka miwili tu baadaye kostimu hiyo ikawa shida. Mobutu alikuwa ameigeuza nchi kuwa Zaire Oktoba 1971, majina ya Kikristo yakafuata kuondolewa, kisha kravati. Likaja vazi la abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kusema "chini kostimu". Koti halina ukosi wa kizungu, shati na kravati hazionekani. Mzee aliifunga kostimu ya ndoa ndani ya gazeti na kuitia chini ya sanduku. Ilikaa humo miaka 18. Mimi nina maoni yangu juu ya jambo hili: kumwondolea mtu alama ya mkoloni si kosa, lakini zile abakosti za wakubwa zenyewe zilishonwa Ubelgiji, kwenye kampuni ya Arzoni, huko Zellik. Tulikatazwa nguo ya mzungu tukauziwa nyingine na mzungu. Waliofaidika kwa halali walikuwa mafundi wetu wadogo. Fundi wa Manika alishona abakosti usiku na mchana, mikono mifupi, mikono mirefu, na daftari la bluu lilijaa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alihutubia akilia, akaruhusu vyama vingi na kuruhusu kravati, ingawa alisema yeye binafsi hataivaa. Mzee alifungua sanduku. Suruali haikumfaa tena. Akarudi kwa fundi, naye akafungua ukurasa wa 1970, akatazama tumbo la mzee, akacheka.

Mwaka 1992, na zaidi mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi wenu mnaotusikiliza mnayajua haya kuliko mimi, kwa sababu mlikuwa pale stesheni ya Kolwezi, mnalala juu ya mizigo mkingoja treni, wiki baada ya wiki. Watoto walifia pale. Fundi aliondoka na mke, watoto na mashini ya kushona. Mzee alimsindikiza mpaka stesheni kwa kujificha, kwa kuwa wakati huo kumsindikiza Mkasai kulikuwa na hatari yake. Mashini aliiona. Daftari hakuliona.

Nimeileta habari hii kwa sababu ya duka moja la London. Henry Poole ni nyumba ya ushonaji iliyoanza mwaka 1806, na tangu 1846 ilikuwa na mlango kwenye Savile Row, ile barabara ya mafundi wa kostimu. Inasemekana ndiyo iliyomshonea mwana wa malkia Victoria, mwaka 1865, koti fupi la jioni ambalo mabwana harusi wetu wanalikodi leo Jumamosi. Mwaka 1961 jengo lao lilibomolewa. Nao pia walihamishwa! Walikaa mtaa wa jirani, Cork Street, mpaka mwaka 1982 waliporudi Savile Row, kwenye namba 15. Lakini walipohama walihama na vitabu vyao. Mpaka leo wana madaftari ya wateja tangu karne ya 19, majina, maagizo, madeni. Wakisema "sisi ni wa zamani", wanafungua ukurasa.

Basi tofauti kati ya fundi wa Savile Row na fundi wa Manika haiko kwenye sindano. Wote wawili walipima kifua cha mtu wakaandika namba. Mmoja alipewa muda wa kufunga vitabu vyake. Mwingine alipewa treni isiyojulikana itafika lini.

Na msidhani kwamba wenye maduka ya London hawajui thamani ya uvaaji wetu. Mwaka 2009 Mwitaliano Daniele Tamagni alitoa kitabu cha picha za wasapeli wa Bacongo, ng'ambo ya mto, Brazzaville. Jalada lina bwana mwenye kostimu ya rangi ya waridi na kofia nyekundu ya duara, aina ya kofia iliyozaliwa London mwaka 1849 kwa ajili ya walinzi wa wanyama wa tajiri mmoja. Aliyeandika dibaji ni mbunifu Mwingereza Paul Smith. Huyu alianza mwaka 1970 na chumba cha mita tatu kwa tatu huko Nottingham. Mavazi yake ya wanawake ya majira ya kuchipua 2010 yaliiga picha zile waziwazi: kostimu za rangi kali, kofia, fimbo. Mwaka 2013 duka lake la Albemarle Street, London, likapata uso mpya wa chuma cha kusubu, wenye michoro ya duara, na watu husimama nje kuupiga picha.

Sina ugomvi na Paul Smith, alitaja alikotoa. Upande wetu wa mto, tangu mwisho wa miaka ya 1970, Papa Wemba na vijana wa Kinshasa walivaa grife za Ulaya wakati kravati bado ni kosa, na hilo lilihitaji moyo. Viatu vya Church's kutoka Northampton, makoti ya Burberry, hata sketi ya Scotland, vyote vilipata maisha ya pili kwenye lami ya Kongo. Koti lililokusudiwa kuzuia mvua ya Uingereza linavaliwa hapa kwenye vumbi la Agosti, na linapendeza. Ni sehemu ya historia ya koti hilo pia, lakini kwenye duka la Regent Street huwezi kuikuta.

Kwetu Kolwezi sasa kuna maduka mapya ya vioo, taa nyeupe, sanamu za plastiki zisizo na vichwa zimevaa kostimu za bei ndogo. Vijana wanayapenda, na sioni ubaya. Ila hakuna duka hata moja la nguo nililoliingia lenye picha ya fundi wa zamani ukutani. Na mji unaendelea kuhama chini ya miguu yetu. Mashamba kwa Kiswahili ni mahali pa kulima. Hapa ukilitaja jina hilo, mtu anafikiria shimo la shaba. Septemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya familia za Kolwezi zilizoondolewa kwenye nyumba kwa ajili ya migodi. Kila nyumba inayobomolewa ina sanduku ndani, na mara nyingi mtu hupewa muda wa kuokoa godoro na sufuria tu.

Mzee jirani yangu bado ana kostimu. Nondo wamekula bega la kushoto, lakini mishono imeshika. Aliponiruhusu niitazame niligeuza bitana kutafuta kitambaa cha jina. Hakuna. Fundi hakuwahi kushona jina lake kwenye kazi yake.

Kwa hiyo tangazo hili ni la mzee, nimeahidi kulisoma: kama kuna familia huko Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga au popote, ambayo baba yao alishona nguo Manika mpaka 1993 na kubeba mashini mpaka stesheni, tuandikieni. Daftari lina jalada la bluu. Ukurasa wa mzee ni wa mwaka 1970, mwezi wa saba, na kando ya kiuno kuna namba mbili, ya pili imeandikwa kwa wino mwekundu.