Shule Njema Kando ya Ziwa Tanganyika

Mzazi wa Mulongwe, mjini Uvira, akiulizwa shule njema ni ipi, aghalabu hutaja mambo mawili: wanafunzi wake hufaulu mtihani wa Serikali, na huzungumza Kifaransa. Babu yake angalijibu vingine, ingawa neno "kusoma" ni lile lile.

Katika mwambao huu kusoma kulianza kama jambo la dini. Uislamu ulipofika pamoja na misafara ya biashara, ulikuja na chuo cha Kurani. Mababa Weupe nao, walipofungua misioni ya Mulweba huko Masanze mwaka 1880 na ile ya Kibanga mwaka 1883, waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha katekisimu, kilimo na ufundi. Kwa kanuni ya Lavigerie, maandalizi ya ubatizo yalidumu miaka minne. Shule njema ilikuwa ile iliyomtoa Mkristo thabiti. Kujua kuandika barua lilikuwa jambo la ziada. Wapentekoste wa Uswidi, waliofika Uvira mwaka 1921, walitaka muumini awezaye kujisomea Biblia. Tofauti za madhehebu zilikuwa kubwa, lakini kipimo kilikaribiana, na Kiswahili kilitosha kukitimiza.

Fedha ndizo zilizokigeuza. Kuanzia miaka ya 1920 Serikali ya Ubelgiji ilitoa ruzuku kwa shule za misioni za Kibelgiji, takriban zote za Kikatoliki, kwa sharti la kufuata programu yake na kukaguliwa. Waprotestanti walisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Hivyo ubora wa shule ulianza kusomwa katika daftari la mkaguzi, wala si katika mwenendo wa mwanafunzi tu. Shule rasmi zisizo za dini, alizozipanua waziri Buisseret kuanzia mwaka 1954, ziliongeza ushindani.

Baada ya Uhuru, mageuzi ya mwaka 1962 yaliifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na mwaka 1967 ukaanzishwa mtihani wa Serikali. Lugha za taifa zilirudishwa baadaye katika madarasa ya mwanzo, lakini heshima haikurudi nazo. Diploma haikuandikwa kwa Kiswahili. Kutaifishwa kwa shule mwaka 1974, na kurudishwa kwake mikononi mwa makanisa mwaka 1977, hakukuligusa jambo hilo.

Katika miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilipokauka, wazazi ndio waliowalipa, kwa ile iitwayo "prime". Mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani, hata kama ndiye wa kwanza darasani. Shule njema ikawa, kwa lugha ya soko, shule ya gharama. Septemba 2019 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure, madarasa ya umma yakafurika, na wenye uwezo wakawapeleka wana wao katika shule za binafsi. Huko mtoto huanza Kifaransa katika shule ya chekechea, kisha jioni humsimulia bibi yake kwa Kiswahili aliyojifunza, kadiri awezavyo kuyafasiri.