Dhahabu Nyekundu na Swali la Azimio

Kila nipitapo Kaloleni, mbele ya Makumbusho ya Azimio la Arusha, hunijia swali ambalo wanafunzi wangu hulikwepa: kujitegemea katika sayansi ni nini hasa? Mwaka 1967 tuliambiwa kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, wala si msingi wake. Tuliyapima maneno hayo kwa mashamba na viwanda. Kwa maabara hatukuyapima.

Mwaka 1857, jijini London, Michael Faraday alitengeneza maji yenye chembe za dhahabu ndogo mno, nayo yakawa mekundu kama yakuti. Dhahabu ya Geita ni ya manjano ikiwa kipande. Ikigawanywa mpaka chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja katika bilioni ya mita), mwanga huzitikisa elektroni zake kwa pamoja, chembe zikafyonza kijani, na jicho likaona wekundu. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie aliikokotoa rangi hiyo kutokana na milinganyo ya Maxwell. Leo kokotoo lake kwa chembe ya mviringo hufanyika katika kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi yeyote. Kuitengeneza na kuipima chembe yenyewe ndiko kunakodai mitambo.

Mitambo ya nani? Mpango wa Kimataifa wa Sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ulianza 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru, na kwa miongo mingi umeisaidia fizikia ya Dar es Salaam. Matunda yapo. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, walionyesha kwamba magnesi ikitiwa katika utando mwembamba wa oksidi ya vanadi huufanya upitishe mwanga zaidi, na huishusha nyuzi joto ambayo utando hugeuka tabia ya metali na kuzuia joto la jua. Dirisha la namna hiyo nani alihitaji kuliko sisi?

Simlaumu Mswidi, alitoa. Ninawauliza ndugu zangu watumishi wa umma mnaoandaa bajeti: mtambo huo ukiharibika, kipuri chake kimo katika kifungu gani? Niliwahi kuuliza hivyo katika kikao kimoja. Nilijibiwa kwamba mfadhili atakumbushwa.