Shamba la shule lilitufundisha nini kuhusu kuku, ng'ombe na mchicha



Mwezi uliopita nilikuwa Chamazi kwa mama mmoja mwenye kuku wa mayai 150 na eneo tupu nyuma ya banda. Nikamwambia, mama, hapa ukipanda mchicha na matembele, baadaye ukaingiza mbuzi wawili wa maziwa, kila kimoja kitamlisha mwenzake. Akacheka sana. "Mwanangu, hayo mambo ya EK tuliyaacha shuleni. Tulibeba samadi kichwani, mahindi wakala walimu."

Jibu hilo nimelisikia Mbagala, nimelisikia Bunju, hasa kwa watu waliosoma miaka ya sabini na themanini. Ukitaja kilimo mseto wanakumbuka fyekeo, jembe na fimbo. Kwa hiyo leo naomba tuzungumze historia kabla ya vipimo vya mbolea, kwa sababu naona watu wanakataa kitu kizuri kutokana na jinsi kilivyoendeshwa.

EK ni Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Bustani za shule zilikuwepo tangu enzi za ukoloni, serikalini na kwenye misheni. Mwalimu naye hakuwa mgeni wa maisha ya shule, maana alifundisha Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Jipya katika andiko lake lilikuwa kwamba shamba lisibaki pembeni kama mahali pa mazoezi. Shule yenyewe iwe shamba, na chakula na mahitaji ya wanafunzi yategemee kile wanachozalisha.

Wengi wanakumbuka sehemu hiyo ya jembe tu. Ukilisoma andiko lenyewe utakuta mambo mengine mawili ambayo bwana shamba yeyote angeyasema. Kwanza, wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua mapato yatumikeje. Pili, kumbukumbu za kazi na mavuno ziwekwe vizuri ili kila mmoja aone jasho lake limezaa nini. Anagusa hata mbolea: darasani ielezwe inafanyaje kazi, shambani mwanafunzi aone inasaidia wapi na inaishia wapi.

Sasa linganisha na simulizi za waliopita huko. Shamba likawa adhabu: aliyechelewa namba anapewa mita kumi za kulima. Daftari, kama lilikuwepo, lilikaa ofisini. Na aliyebeba samadi hakujua gunia lililouzwa limenunua nini. Yule mama wa Chamazi hakulalamikia uzito wa samadi, alilalamikia mahindi.

Kuna kosa jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kalenda. Shule zetu hufunga Juni na Desemba. Huku Pwani mahindi ya masika yanakomaa kuanzia Juni, na ya vuli yanahitaji palizi Desemba. Yaani wenye nguvu kazi wanaondoka wakati shamba linawahitaji. Mazao yanaweza kuvumilia wiki moja. Ng'ombe havumilii. Anakamuliwa asubuhi na jioni, Jumapili, Idi na Krismasi, na anayemruka leo anamkuta kesho kiwele kimevimba.

Hilo nalijua kwa macho yangu. Chuo nilichosomea stashahada, ambacho sitakitaja, kilikuwa na ng'ombe wa maziwa, kuku na ekari kadhaa za mahindi na mboga. Kwenye karatasi lilikuwa shamba mseto. Kwa kweli yalikuwa mashamba mawili yaliyopakana. Samadi ilikuwa mali ya idara ya mifugo, mahindi yalikuwa ya idara ya mazao, na toroli lilikuwa moja, limefungiwa stoo, ufunguo kwa mtu wa tatu. Ng'ombe mmoja wa kilo 400 hutoa kinyesi kibichi cha kilo 20 hivi kwa siku. Piga hesabu ya miezi minne: zaidi ya tani mbili kwa ng'ombe mmoja. Kilima kilipanda nyuma ya banda hadi mvua ikaja ikasomba, na hatua mia moja kutoka hapo mahindi yalisimama ya njano. Mabua nayo yakachomwa moto, wakati mifugo ilinunuliwa majani. Katika zamu yangu ya likizo tulikuwa wanafunzi wawili kwa ng'ombe tisa. Mwenzangu akaugua malaria, na ng'ombe wawili wakapata ugonjwa wa kiwele. Mtihani wa kilimo mseto tulifaulu wote.

Sisemi taasisi zote ziko hivyo. Ukipanda daladala Temeke utasikia kondakta anaita "Vetenari!" Kituo kimepata jina kutokana na taasisi za mifugo zilizopo pale, ikiwemo maabara ya mifugo na kampasi ya LITA, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo. Hata chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, Temevac, imebeba Temeke ndani ya jina lake. Na ukifuata barabara ya Morogoro, kama kilometa 40 kutoka mjini, kuna Kibaha, mradi ulioanza kwa msaada wa nchi za Nordiki miaka ya sitini na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kilichonivutia pale ni mpango wake: sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima viliwekwa sehemu moja, kwa hiyo mkulima mtu mzima naye alikuwa na mahali pa kujifunzia, si mtoto wa shule peke yake.

Kilimo mseto cha Dar es Salaam lakini hakikukuzwa na shule. Kilikuzwa na njaa ya mishahara. Miaka ya themanini, bei zilipopanda na mshahara ukawa hauvuki wiki ya pili, watumishi waliingiza kuku stoo na ng'ombe uani. Tuliita "miradi". Serikali ikaona haiwezi kuwafukuza wote, na kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zikaweka mipaka: ng'ombe wasiozidi wanne, wafugwe ndani. (Kabla hujajenga banda pitia ofisi ya kata, sheria ndogo za manispaa hubadilika.) Familia hizo zilifanya mseto bila andiko lolote, kwa sababu mama aliyekamua ndiye aliyeuza maziwa na ndiye aliyelipa ada.

Nikarudi Chamazi na hesabu. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 150 wanamaliza kilo 17 hivi. Chakula hicho mama ameshakilipia. Virutubisho visivyoingia kwenye yai vinatoka na kinyesi, na yeye alikuwa anampa kijana hela avitupe. Udongo wake ni mchanga wa Pwani, mbolea ya dukani unapitisha na mvua moja kubwa. Nikamwelekeza alundike kinyesi pamoja na maranda, amwagie maji kidogo, afunike, ageuze kila baada ya wiki mbili, na asikitumie kabla ya miezi miwili, maana kibichi kinaunguza mchicha na kinaleta magonjwa kwa mlaji.

Swali lake lilikuwa moja: nani atageuza? Yeye mgongo unamsumbua. Mjukuu yupo kidato cha pili, anarudi saa kumi. Tukakaa naye chini ya mwembe, tukakubaliana watatu: kitanda kimoja kati ya vinne ni chake, anauza mwenyewe, na kazi yake anaiandika kwenye kaunta buku lile lile ambalo bibi anaandika mayai na pumba. Wakati wa mitihani jirani atashika zamu kwa trei moja ya mayai kwa wiki.

Mbuzi nimewazuia. Kwanza majani ya tembo na lukina viote kwenye mpaka wa kiwanja, kwa sababu mnyama akitangulia malisho mtaishia kununua majani kama chuo changu. Jana kijana amenipigia: lundo limepoa, harufu imekwisha, aanze kusambaza? Nimemwambia asubiri wiki moja, kisha atandaze ndoo moja kwa kila mita mbili za mraba na achanganye na udongo kabla ya kusia mbegu.