Ruzuku za wahitimu wa programu za kubadilishana

Ruzuku za wahitimu wa programu za kubadilishana ni fedha ambazo serikali iliyowahi kumgharamia mtu masomo, mafunzo au ziara ya kikazi ng'ambo humpatia akisharudi kwao, ili aongoze mradi wa manufaa kwa jamii yake. Si mkopo, wala si zawadi ya kutumia apendavyo mpokeaji, kwa kuwa huja na mkataba, ripoti na madai ya risiti. Mfuko unaojulikana zaidi ni wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ulioanza 2011 na kufahamika kwa kifupi chake, AEIF. Kwa maelezo ya wizara yenyewe, mfuko huo umekwisha kugharamia miradi inayokaribia 500 duniani.

Programu zenyewe ni kongwe kuliko mfuko. Ziara za viongozi kutembelea Marekani zilianza 1940. Tarehe 1 Agosti 1946 Rais Harry Truman alitia saini sheria iliyopendekezwa na seneta wa Arkansas, J. William Fulbright, ambayo iliruhusu fedha zitokanazo na mali za kivita zilizobaki ng'ambo zitumike kusomesha watu. Sheria ya Fulbright-Hays ya 1961 ikaipa kazi hiyo msingi mpana, na ufadhili wa Humphrey kwa wataalamu walio kazini ukafuata 1978. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Bunge la Marekani lilianzisha programu ya Kennedy-Lugar YES kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu. Kenya na Tanzania zimekuwa miongoni mwa nchi hizo. Ufadhili wa Mandela Washington ulichukua vijana 500 wa Afrika kusini mwa Sahara katika mwaka wake wa kwanza, 2014.

Kwa miongo mingi, kumrudisha mshiriki salama kulitosha kuwa mwisho wa safari. Hesabu iliyobaki ilikuwa ya majina, nayo leo inapita milioni moja. AEIF ilibadili mtazamo huo kwa kumchukulia mhitimu kuwa mtu mwenye uzoefu, marafiki wa nchi nyingi na sifa nyumbani, anayekosa kianzio tu.

Utaratibu wake hupitia ubalozi. Tangazo hutolewa, na wahitimu wasiopungua wawili huunda timu. Wanaweza kuwa wa programu tofauti, hata wa nchi tofauti. Timu huandaa andiko la mradi lenye ratiba na bajeti kisha hulipeleka ubalozini. Huko jopo huchuja maandiko na kupeleka Washington yale yanayoonekana bora, ambako hushindanishwa na ya nchi nyingine. Katika matangazo ya karibuni kiasi cha kuombwa kimekuwa kati ya dola 5,000 na 35,000. Hapo awali kikomo kilikuwa dola 25,000. Waamuzi hutazama kama timu inaijua jamii inayoizungumzia, kama wenyeji wameukubali mradi, na kama wahitimu wengine watashiriki.

Sehemu ya tangazo inayostahili kusomwa mara mbili ni orodha ya yasiyolipiwa. Nauli ya ndege kwenda Marekani haimo, wala mishahara ya kudumu, pango la ofisi, ujenzi, vifaa vikubwa vya kudumu, utafiti wa kitaaluma, ufadhili wa masomo wa mtu mmoja mmoja, zawadi, biashara ya faida, harambee, kampeni za vyama na shughuli za ibada. Chakula cha kupita kiasi na pombe vimekatazwa. Yanayowashangaza wengi ni makatazo mengine mawili: misaada ya hisani au ya maendeleo, na kutoa huduma za jamii moja kwa moja kwa wananchi. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Tanga aliyerudi kutoka Humphrey anaweza kupata fedha za kuwafundisha walimu wenzake mbinu za kusomesha wanafunzi viziwi, lakini hapati za kujenga darasa watakamosomea. Muuguzi anaweza kuendesha warsha ya usafi wa maji, lakini kisima hakichimbwi.

Makatazo haya yana mantiki. Fedha ni chache, hutoka kwenye fungu la diplomasia na si la misaada, na lengo lake ni watu kukutana na kujengana uwezo. Majengo na visima vina mafungu yake mengine. Hata hivyo yana gharama, na gharama hiyo hulipwa na jamii. Mafunzo ya kompyuta kwa wasichana wa kijiji kisicho na kompyuta hata moja hudumu hadi siku ya mwisho ya warsha. Miradi inayodumu ni ile ambayo timu ilishakubaliana na shule, zahanati au halmashauri kabla ya andiko kuandikwa: vifaa vipo au vitatoka kwingine, chumba kipo, na kuna mtu mwenye cheo atakayeendelea nayo mkataba ukiisha, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi. Barua ya mkuu wa shule inaweza kuwa na uzito kuliko kurasa kumi za malengo.

Mfano ulio wazi wa mtu aliyerudi na kazi ya jamii ni wa zamani kuliko mfuko wowote wa aina hii. Wangari Maathai wa Nyeri alikwenda Kansas 1960 pamoja na wanafunzi wa Kenya waliopata nafasi kupitia mpango wa ndege za kuwapeleka masomoni Marekani, ulioasisiwa na mwanasiasa Tom Mboya na kusaidiwa na familia ya Kennedy. Aliporudi 1966 hakukuwa na mfuko wa wahitimu uliokuwa ukimngojea. Vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani lilianza 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, kwa miti saba iliyopandwa bustani ya Kamukunji, Nairobi. Fedha za maana zilikuja miaka ya mwanzo ya 1980, kutoka Chama cha Misitu cha Norway na mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa. Zilikuta kazi imeshika mizizi, na ziliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche ulioota na kustawi. Mpango huo wa malipo uliweka hesabu mahali pake: katika mti uliobaki hai. Ripoti nyingi za ruzuku bado huhesabu waliohudhuria.

Upande wa makaratasi huwakwamisha wengi. Asasi inayoomba kwa jina lake lazima ijisajili katika mfumo wa serikali ya Marekani wa wapokeaji fedha na kupata namba maalumu ya utambulisho, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa, hasa anwani ya cheti cha usajili isipofanana na ya akaunti ya benki. Mtu binafsi hasumbuliwi na namba hiyo. Nyumbani nako kuna sheria. Kanuni za 2018 za Tanzania huzitaka asasi zinazopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba serikalini na kuutangazia umma, na ruzuku kubwa ya AEIF hukivuka kiwango hicho kwa mbali. Nchini Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024.

Uingereza ina mifuko kama hiyo, midogo zaidi, kwa wahitimu wa Chevening, ufadhili ulioanzishwa 1983, na wa Jumuiya ya Madola. Japani huwasaidia waliopitia mafunzo ya shirika lake la JICA kupitia vyama vyao katika nchi mbalimbali, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Fungu la AEIF hutegemea bajeti ambayo Bunge la Marekani huipitisha kila mwaka na uamuzi wa serikali iliyo madarakani. Mapema 2025 wizara ilisitisha kwa muda malipo ya ruzuku za programu za kubadilishana, na washiriki wa Fulbright waliokuwa ng'ambo tayari wakajikuta wakisubiri posho zao.