Nani Ashikaye Kipimo? Serikali na Ukaguzi wa Malazi ya Dharura katika Mashariki ya Kongo, 1992–2025

1. Utangulizi

Maneno malazi na makazi hukaribiana kwa sauti, lakini hayana maana moja. Malazi hutokana na kitenzi kulala, nayo ni mahali pa kulaza ubavu usiku mmoja au siku chache. Makazi hutokana na kukaa, nayo ni mahali ambapo mtu amesimika maisha yake, ana jirani, ana shamba au kazi, na ana mlango anaoufunga mwenyewe. Maafa humtoa mtu katika makazi na kumtia katika malazi. Shida huanza pale malazi yanapodumu, hema la mwezi mmoja likawa nyumba ya mwaka wa pili na wa tatu.

Makala hii inachunguza suala moja katika historia hiyo: ni nani mwenye wajibu wa kupima na kukagua ubora wa malazi wanayopewa watu waliokimbia? Jibu la kisheria ni jepesi: ni serikali ya nchi husika. Lakini historia ya mashariki ya Kongo inaonyesha kwamba vipimo vinavyotumika leo duniani kote vilizaliwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na maafa ya Goma, yaani mahali ambapo serikali haikuwa na uwezo wa kuvisimamia. Kipimo kilipatikana kabla ya mkaguzi. Pengo hilo ndilo kiini cha uchunguzi huu.

2. Vituo vya reli vya Katanga

Kabla ya kufika Goma, inafaa kutazama kusini. Kuanzia Agosti 1992 huko Likasi, na kuanzia Machi 1993 huko Kolwezi, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walikimbilia vituo vya reli na majengo ya shule, wakangoja treni ya kuwapeleka katika jimbo ambalo baadhi yao hawakuwahi kuliona. Kungoja huko kulichukua wiki, na kwa wengine miezi. Jukwaa la abiria liligeuka chumba cha kulala, na behewa likawa nyumba. Magonjwa yalienea, na watoto ndio walioathirika zaidi.

Katika hali hiyo, je, nani angekagua malazi? Viongozi wa jimbo, wakiongozwa na gavana Kyungu wa Kumwanza, ndio waliokuwa wakihubiri kwamba wageni warudi kwao. Huduma zilitolewa na makanisa, na mashirika ya misaada kama Madaktari Wasio na Mipaka. Funzo la Likasi ni kwamba ukaguzi wa serikali una sharti la kwanza: mkaguzi asiwe ndiye aliyembomolea mtu nyumba yake. Sharti hili husahaulika katika maandiko mengi ya kitaalamu, ambayo huichukulia serikali kuwa mlinzi asiye na upande.

3. Goma, Julai 1994

Kati ya tarehe 14 na 17 Julai 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Kivu ya Kaskazini. Mji wa Goma haukuwa na nafasi ya kuwapokea. Wakimbizi walielekezwa Kibumba, Katale na Mugunga, na baadaye kambi nyingine zikaongezwa. Ardhi ya sehemu hizo ni mwamba wa volkano. Haikuwezekana kuchimba vyoo kwa majembe, wala makaburi. Kibumba hapakuwa na chanzo cha maji, ikabidi yaletwe kwa malori. Katika siku za kwanza, maji safi yaliyogawiwa hayakufikia lita moja kwa mtu kwa siku. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na kuhara damu. Karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza.

Malazi yenyewe yalikuwa vibanda vya miti iliyokunjwa, vikafunikwa kwa majani na kwa maturubai. Wakimbizi walikiita kibanda cha namna hiyo blindé, neno la Kifaransa litumikalo kwa gari la vita lililovikwa chuma. Kejeli hiyo inaeleza mengi: kitu kilichoitwa kwa jina la deraya kilipasuliwa na upepo. Miti ilikatwa katika Mbuga ya Virunga, ambayo mwaka huohuo wa 1994 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hivyo suala la malazi halikuwa la wakimbizi peke yao. Liligusa pia haki ya wenyeji, ambao misitu na vyanzo vyao vya maji vilitumika bila wao kuulizwa.

Serikali ya Zaire ilikuwa wapi? Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliitaka nchi inayopokea wakimbizi iwaweke, kadiri iwezekanavyo, umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi yao. Kambi za Goma zilikuwa karibu mno na mpaka. Mgawo wa chakula na maturubai ulipitia, hasa mwanzoni, mikononi mwa viongozi wa zamani wa wilaya na tarafa za Rwanda, wakiwemo waliohusika na mauaji ya kimbari. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa kambini likipinga hali hiyo. Mwanzoni mwa 1995, HCR, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, ilipatana na serikali ya Zaire kupeleka askari 1,500 kambini, wakilipwa na HCR. Kazi yao ilikuwa usalama, kuwalinda wahudumu na kusindikiza waliotaka kurudi kwao. Kwa maneno mengine, serikali ilipoingia kambini iliingia ikiwa imeajiriwa na yule ambaye kwa sheria ingepaswa kumsimamia. Oktoba na Novemba 1996 kambi zilishambuliwa na kutawanywa, na Mugunga ikabaki tupu.

4. Kuzaliwa kwa vipimo

Machi 1996 ilitolewa tathmini kubwa ya pamoja, iliyoanzishwa na Denmark, kuhusu misaada ya dharura kwa Rwanda. Ilionyesha kwamba miongoni mwa mashirika mengi yaliyofika Goma, yalikuwemo yaliyofanya kazi kwa ustadi, na yalikuwemo yaliyokosa ujuzi, bila ya kuwapo mtu wa kuyawajibisha. Mwaka 1997 mashirika yasiyo ya kiserikali, pamoja na harakati ya Msalaba Mwekundu, yalianzisha mradi wa Sphere. Toleo la majaribio la kitabu chake lilitoka 1998, na toleo la kwanza kamili 2000. Marekebisho yalifuata 2004, 2011 na 2018.

Kitabu hicho kiliyapa maneno mazuri sura ya tarakimu. Mtu mmoja apate angalau mita za mraba 3.5 za sakafu iliyofunikwa. Apate lita 15 za maji kwa siku. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Bomba moja lisitegemewe na watu zaidi ya 250. Baadhi ya vipimo hivyo vilikuwemo katika miongozo ya zamani zaidi, lakini ni vifo vya Goma vilivyovipa uzito.

Tarakimu hizo zina faida ambayo haipaswi kudharauliwa. Turubai la kawaida la HCR lina mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Familia ya watu watano inastahili sakafu ya mita za mraba 17.5. Turubai likitandazwa juu kama paa tambarare, linakaribia kutosha, lakini nyumba inakosa kuta. Likikunjwa ili lifanye paa na kuta pamoja, sakafu inapungua chini ya kipimo. Kwa hesabu hiyo fupi, yeyote anaweza kuthibitisha kwamba kuigawia familia turubai moja bila miti wala kitu cha kuzibia kuta si kuipa malazi kamili. Bila kipimo, mwenye kulalamika huambiwa hana shukrani; akiwa na kipimo, ana hoja.

Hata hivyo, mashirika kadhaa ya Ufaransa yalipinga. Yalidai kwamba tarakimu huweza kugeuza swali la kisiasa kuwa swali la kiufundi, na kwamba hali za watu hutofautiana. Pingamizi hilo lina ukweli kwa Goma: hata kama kila kibanda cha Mugunga kingefikia mita 3.5 kwa kila mtu, kambi ingebaki chini ya wenye silaha. Lakini ukweli huo haufuti faida ya kipimo. Unaonyesha tu kwamba kipimo bila mamlaka halali ya kukisimamia ni nusu ya kazi.

5. Wajibu unarudishwa kwa serikali

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilipita katikati ya Goma na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Wengi waliokimbilia Gisenyi walirudi baada ya siku chache, wakakataa kukaa kambini ng'ambo ya mpaka, wakaanza kujenga nyumba za mbao juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto. Wakati huo Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD. Serikali ya Kinshasa isingeweza kutuma mkaguzi hata kama ingetaka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilitolewa sheria ya wakimbizi, iliyounda Tume ya Taifa ya Wakimbizi. Mwaka 2006 Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutumia mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kugawanya misaada kwa makundi ya kazi, malazi yakiwa mojawapo.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa Oktoba 2009 na kuanza kutumika tarehe 6 Desemba 2012. Mkataba huo unahusu wakimbizi wa ndani, na ibara yake ya 9 inazitaka serikali zifuatilie na kutathmini misaada inayotolewa, kwa kuzingatia taratibu zinazohusika, vikiwemo viwango vya Sphere vinavyotajwa kwa jina. Hapa duara linafungika: kipimo kilichozaliwa kwa sababu ya udhaifu wa serikali kinakabidhiwa kwa serikali kama chombo cha kazi yake.

6. Mugunga tena

Je, kukabidhiwa huko kumetimia? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru sehemu ya mji wa Goma ihamwe. Mamia ya maelfu walielekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Wengi walilala makanisani, shuleni na kwa jamaa. Hapo ulionekana upungufu mwingine wa ukaguzi: katika Kongo waliohama walio wengi hupokelewa na familia, si na kambi. Kipimo cha choo kwa watu 20 huangaliwa kambini, lakini nyumba ya vyumba viwili iliyopokea familia tatu haihesabiwi popote.

Kuanzia 2022, vita vya M23 vilijaza tena viunga vya Goma. Majina ya 1994 yakarudi: Mugunga, Lac Vert. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliushika mji, na Februari iliwaagiza waliohamishwa waondoke kambini ndani ya saa 72. Maturubai yakashushwa, na hakuna ukaguzi wa mita za mraba uliotangulia amri hiyo.

7. Hitimisho

Historia hii inatoa mambo matatu. Kwanza, kipimo cha malazi si anasa ya wataalamu. Kimelipiwa kwa maisha ya watu, na wengi wao wamezikwa katika ardhi ya Kivu. Pili, kipimo hakijitekelezi. Kitenzi kusimamia kimetoka katika kusimama, na msimamizi ni yule aliyesimama mahali pale. Sheria iliyoandikwa Kinshasa au Kampala haisimami Kibumba yenyewe. Tatu, mamlaka inayokagua inahitaji nayo kukaguliwa, kama Likasi ilivyofundisha mapema.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi iliyo karibu. Viwango hivi huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na hujadiliwa katika mikutano ya lugha hizo. Mama aliyepewa turubai moja kwa watoto wanne anastahili kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba kipimo cha Sphere kinamtambulia mita za mraba 17.5. Serikali isipotuma mkaguzi, mama huyo, akiijua tarakimu hiyo, anaweza kuwa mkaguzi wa kwanza.