Panorama tufe: kupanga upigaji kwa kichwa chenye mota, Masasi na Newala

Panorama tufe ni picha moja inayobeba pande zote za mahali: nyuzi 360 kuzunguka, na nyuzi 180 kutoka utosini hadi udongo ulio chini ya kamera. Huundwa kwa kuunganisha picha nyingi. Kichwa chenye mota hufungwa juu ya stendi, kikaigeuza kamera hatua kwa hatua na kuifyatua kila kinaposimama. Vichwa vya GigaPan, vilivyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kituo cha Ames cha NASA, vilizaliwa na kazi ya panorama za Spirit na Opportunity, magari yaliyotua Mirihi mwaka 2004.

Hesabu huanza na lenzi. Kamera ya fremu kamili iliyosimamishwa wima, yenye lenzi ya milimita 24, huona nyuzi 53 kwa upana na 74 kwa urefu. Picha jirani zikipandiana kwa asilimia 30, hatua ya mlalo ni nyuzi 37, hivyo safu ya upeo wa macho huhitaji picha 10. Safu ya juu na ya chini, zilizoinamishwa nyuzi 55, zina duara dogo zaidi, na kosaini hutoa picha 6 kwa kila moja. Ni afadhali kupiga 8. Kosaini hupima katikati ya fremu, ilhali mapengo hujitokeza kwenye ukingo ulio karibu na upeo wa macho. Jumla ni 26, kisha huongezwa moja ya ardhi baada ya stendi kuondolewa.

Masasi huadhibu kosa la kituo cha mzunguko. Mtu akisimama chini ya mkorosho, tawi likiwa mita moja kutoka kwenye lenzi na mwamba wa Mtandi ukiwa nyuma yake, kamera izungukayo kwenye skrubu ya stendi italihamisha tawi mbele ya mwamba kutoka picha hadi picha, na mshono utakata majani vipande. Dawa ni kuisogeza kamera nyuma kwenye reli hadi tundu la mwanga, lionekanalo ukichungulia lenzi kwa mbele, likae juu ya mhimili. Vilima vya miamba vya namna hii ndivyo mwanajiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt alivyoviita “milima-visiwa” mwaka 1900. Ukiwa miguuni pa Mtandi, safu ya juu hujaa jiwe, na kuunganisha ni rahisi.

Newala ni kinyume kabisa. Kwenye genge la Shimo la Mungu ardhi inakatika, bonde la Ruvuma linafunguka, na Msumbiji iko ng'ambo. Nusu ya tufe ni anga na ukungu usio na alama ambayo programu kama Hugin au PTGui ingeweza kuishika. Hapo ndipo mota inapostahili uzito wake begani: pembe ya kila picha inajulikana, kwa hiyo hata picha ya samawati tupu hupata mahali pake. Mawingu yakitembea, safu ya juu ipigwe mfululizo bila kukatizwa. Mwanga na uwiano wa rangi vifungwe kabla ya picha ya kwanza.

Kishawishi cha Newala ni lenzi ndefu. Milimita 200 kwa tufe zima hudai picha zipatazo 1,200. Kwa sekunde 5 kila moja, hizo ni dakika 100, na jua limesogea nyuzi 25. Vivuli vya mwanzo na vya mwisho havitapatana. Mpango wenye busara hutumia lenzi hiyo kwa bonde tu, nyuzi 180 kwa upana, kutoka nyuzi 5 juu ya upeo hadi 25 chini: nguzo 38, safu 4, picha 152, dakika 13. Kichwa kishuke nguzo kwa nguzo, na kingojee sekunde mbili kabla ya kufyatua, kwa kuwa upepo wa genge hutikisa lenzi ndefu. Sehemu nyingine yote ibaki kwa milimita 24.

Tarehe nazo zina neno. Kwa latitudo ya karibu nyuzi 11 kusini, jua la adhuhuri hupita utosini karibu na 20 Februari na tena mnamo 21 Oktoba. Siku hizo safu ya juu yote huingiwa na mng'ao, lakini kivuli cha stendi hujikunja chini yake, na picha ya ardhi hutoka safi.